Waliomwitikia Nambozo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Nambozo wa Busiu, aliyezikwa Jumanne. Amefariki akiwa mzee, kitandani kwake, watoto wake wakiwa karibu. Kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini habari yake inanitia hasira, na leo sitaificha.

Mwaka ni 1975, nchi iko mikononi mwa jeshi. Nambozo, binti wa Mbale, anasokota nyuzi kwenye kiwanda cha nguo huko Jinja. Mumewe amekimbilia Kenya kuwaponyoka wanajeshi. Mshahara ni wake peke yake, na chumba anacholala ni cha kiwanda. Akipoteza kazi, amepoteza vyote.

Basi akajifungua, miezi miwili kabla ya siku zake! Mtoto, Mubaraka, alikuwa mdogo hata ungeweza kumlaza kwenye kofia. Kunyonya hawezi. Nambozo anakamua maziwa, anamdondoshea kwa kijiko, tone kwa tone, kutwa nzima, hapo hospitalini. Likizo yenye mshahara ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Lakini yote iliishia wodini. Mtoto hajaliona jua, likizo imekwisha.

Nambozo akaenda kwa meneja. Meneja gani! Mwanajeshi aliyeletwa kutoka kambini, uzi haujui na kamba haijui.

"Afande, naomba likizo yangu ihesabiwe kutoka siku mtoto atatoka hospitali. Nikimwacha sasa, atakufa."

"Mimi nilikupa likizo," afande akamjibu. "Wewe umezaa mbele ya siku. Nani amekosea? Kesho paredi!"

Jamani! Hebu niambieni, mtoto akizaliwa mapema amekosa nidhamu?

Na paredi ilikuwa hivi. Afande alikigeuza kiwanda kuwa kambi. Kila asubuhi wafanyakazi walipangwa mstari uani, majina yakaitwa, kila mmoja akaitikia, "Ndiyo, afande!" Asiyeitikia hana kazi. Lakini mwenyewe alipenda kelele tu. Sura za wanawake hakujisumbua kuzijua, hata ya huyo aliyemlilia jana yake.

Wenzake Nambozo walikuwa wameligundua hilo zamani. Asubuhi ile jina lake likaitwa. "Ndiyo, afande!" Aliyeitikia ni Nabifo. Kesho yake akaitikia Akoth. Mashine yake wakaigawana, wakawa wanakimbia huku na huku mpaka miguu inavimba.

Siku moja afande akasimama mbele ya Akoth, akamtazama kutoka chini mpaka juu. Akoth ni Mjaluo, mrefu kweli kweli.

"Nambozo! Jana ulikuwa mfupi."

"Nimelala vizuri, afande."

Mstari mzima ukauma midomo. Afande akapita. Lo! Miaka ile watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo.

Wakamwitikia hivyo mpaka Mubaraka akajua kunyonya, akatoka hospitali. Ndipo Nambozo akarudi mstarini kujiitikia mwenyewe.

"Mama alikuwa anakasirika tukimsifu," anasema Mubaraka, ambaye leo kichwa kimejaa mvi. "Anatuambia, 'Ushujaa gani? Mimi nilitaka likizo tu.'"

Likizo tu, wasikilizaji wapendwa! Likizo yenye mshahara, inayomngoja mtoto afike nyumbani. Na sasa hivi kuna bosi anatusikiliza, chai mkononi, asubuhi ya leo amemwambia mama wa mtoto njiti, "Siku zako zimekwisha." Bosi, nenda wodini kwanza. Kamwone huyo mtoto, halafu rudi ulirudie neno lako, kama utaweza. Nasi wengine tujiulize: mpaka lini mama atafutiwe ruhusa ya wizi na wenzake ndipo mtoto wake aishi?

Familia ya Busiu na ndugu wa Mbale, poleni sana. Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Jumanne, kabla jeneza halijatoka nyumbani, Mubaraka aliinama akamwita mama yake kwa jina, kama lilivyoitwa paredi. "Nambozo!"

Kisha kwenye mkeka wa wanawake, bibi kizee Akoth akashika mkongojo, akajikaza, akasimama wima.

"Ndiyo, afande!"