Picha ya Rafiki Yangu Amefumba Macho

Mama zangu, Yesu asifiwe. Kabla mtoto huyu hajatolewa mbele za Bwana, nimeomba dakika chache. Sitataja jina la mtu.

Nilikaa Columbus, hapa hapa Amerika, upande wa Northland. Siku za kazi nilipanga mizigo kwenye ghala, na Jumapili baada ya ibada marafiki watatu walikuja kwangu, tunakula ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, nawachora. Bon, maktabani kulikuwa na kitabu cha mchoraji wa Uingereza, wa enzi za Malkia Victoria. Naye alichora rafiki zake tu. Mmoja alimlaza katikati ya maua kama amekufa. Nikapenda sana. Nikamlaza rafiki yangu mmoja kwenye kochi, macho amefumba, maua kifuani, kisha picha nikaitia kwenye kundi letu la WhatsApp. Ndugu zangu, nawaambia, kwetu anayelazwa hivyo ni maiti tu. Nilijua. Uzuri ulinipumbaza.

Wiki mbili baadaye mimba ya rafiki yangu yule ikatoka.

Watu wa kanisa letu wakasema kwa picha ile nimemzika mtoto angali tumboni. Kanisani, kiti nilichokalia kilipanguswa mbele yangu. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza mchawi ni nini, maana wenzake walimwita mtoto wa mchawi. Rafiki yangu alinyamaza. Nikaambiwa nikikiri uchawi nitapokelewa. Donc, nikapiga magoti, nikakiri kitu ambacho sikukifanya. Walipiga makofi. Wakachoma brashi zangu nyuma ya kanisa, na bado hakuna aliyekubali kula chakula changu.

Nikahamia Louisville, kule Highview, kumtunza bibi mmoja mzee. Miaka miwili sikuchora, mkono wangu mwenyewe niliuogopa. Nilikuwa nimeanza kuwaamini. Siku moja rafiki yangu akanipigia simu kutoka hapa Buffalo, alikokuwa amehamia.

"Nimezaa," akasema. "Wewe hukuniulia mtoto. Nilijua tangu siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Walikuwa wameanza kuniuliza mimi nimeifanya nini ile mimba. Walipokushika wewe, nikapumua."

Nikakata simu. Nilimchukia, siwafichi. Alipiga tena na tena hadi nikapokea, akaniomba nije nimchore, safari hii macho wazi.

Namshukuru bibi wa Highview aliyeninunulia brashi mpya. Namshukuru na rafiki yangu, yumo humu ndani. Mtu akija kwenu kukiri, muulizeni kwanza kama kweli amelifanya hilo analokiri. Na ile picha ya mama na mtoto pale mlangoni, mliyosimama kuisifu mkiingia, imechorwa na mkono huu.