Mbegu za Zizini

Asalaam aleikum. Sogeeni mbele nyinyi mliokaa nyuma, hasa mnaojaza fomu za kuomba nafasi za utafiti, maana haya nayasema kwa ajili yenu.

Mimi ni binti wa wafugaji wa Sangailu. Nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya pili, kazi yangu ilikuwa kuchunguza nasaba za migunga. Mgunga, kama mtu, una mama. Ardhi ya karibu na kambi za wakimbizi za Dadaab ilibaki wazi kwa kukatwa kuni, na mwalimu wangu alitaka kujua ni miti mama gani yenye watoto wanaoweza kupandwa pale wakaishi. Kwa hiyo nilitakiwa kuchuma maganda ya mbegu ya kila mti peke yake, na kuyatia katika mfuko wenye namba ya mti huo.

Nilichelewa kufika. Mbuzi walikuwa wameshakula karibu maganda yote. Lakini mimi nimelelewa zizini. Najua mbuzi hula ganda akatoa mbegu nzima, tena inayoota upesi. Nikaenda kwa abti, ndugu wa mama yangu, nikachambua mbegu kwenye samadi kutwa nzima. Akapita, akacheka.

“Shule miaka yote hiyo, na bado unaokota mavi ya mbuzi?”

Nikacheka naye. Kisha nikazigawa mbegu katika mifuko, nikaandika namba za miti yangu. Nilijiambia mbuzi wamekula chini ya miti hiyohiyo, tofauti iko wapi? Ndugu zangu, nawaambia, uongo wangu ulianza na kalamu ile.

Katika maabara Nairobi tulipima majani ya miti mama na ya miche iliyoota kutokana na mbegu zangu. Mtoto lazima aonyeshe kitu cha mama yake. Miche yangu haikuonyesha, mfuko baada ya mfuko. Mwalimu alidhani dawa za maabara zimeharibika. Akaomba nyingine kwa wenzake, tukarudia. Wiki tatu nilikula naye chakula cha mchana, nimenyamaza.

Nilipokwenda likizo nikamuuliza abti mbuzi wale walikuwa wamelishwa wapi.

“Walikuwa malishoni upande wa Wajir, wakafika hapa siku mbili tu kabla hujaja. Ukame uliwarudisha. Wewe hukuuliza.”

“Niliogopa utaona sijui kazi yangu.”

“Haye, sawa. Mimi nimeshaona. Sasa nenda kamwambie anayekufundisha.”

Nilimwambia. Hakupaza sauti. Alifunga daftari langu, akasema, “Nilikuwa nawalaumu watu wa dawa, na wewe umekaa hapo.” Akanisimamisha masomo. Muhula mzima nilifundisha hesabu shule ya msingi hapa Garissa, na watu wakiuliza masomo yameishia wapi, niliwajibu kweli. Hilo lilikuwa gumu kuliko adhabu yenyewe.

Kisha nikamwandikia barua, nikiomba kuanza upya. Alikubali kwa sharti moja: kila mfuko utiwe sahihi na mtu aliyeona maganda yakichumwa.

Waliotia sahihi ni akina mama wa kambini, waliokimbia vita Somalia, wengine kwa kidole gumba. Waliizungushia miti yangu miiba mbuzi wasifike, wakaangusha maganda kwa upembo, ile fimbo ndefu yenye ndoano. Mmoja alinitania kila asubuhi: “Daktari, huyu ana mama au ni yatima?”

Miche ya msimu ule ilionyesha mama zake. Mingi tuliipanda na akina mama wale. Mingine ilikufa. Iliyobaki sasa inanifika kiunoni.

Nawashukuru akina mama hao, na abti, na mwalimu aliyeniadhibu bila kunitupa. Nafasi za utafiti ni chache kwa watoto wa huku, nayo hofu ya kuzipoteza ndiyo itakayokushauri ufiche. Usiisikilize. Siku utakayokosea, mtafute mwalimu wako siku hiyohiyo, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe.