Sista Melvina na Swali la Kuni

Nyinyi mnaosoma kijarida hiki mkiwa huko mjini, kwenye ofisi zenye zulia, mna haya kweli? Mara ya mwisho mlishuka hapa Ghuba ya Lushman miaka sita iliyopita. Mlileta vishikwambi, mkanywa chai yangu, mkaondoka. Leo mtu anastaafu ndipo mnapiga simu kuomba wasifu. Haya. Mimi ni Triffie Skinner, mpishi wa kliniki. Shule sikuiona hata dirishani. Lorna wa masijala anaandika ninayomwambia, na nimemkataza kuyanyoosha.

Sista Melvina Dollimount anastaafu Ijumaa tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, yote hapahapa. Alifika ana miaka ishirini na sita, mwembamba kama mpini wa ufagio, tukasema huyu hafiki Pasaka. Pasaka thelathini na nne zimepita.

Huyu ndiye aliyevuka ghuba iliyoganda kwa pikipiki ya theluji, chupa za dawa amezitia ndani ya sidiria zisigande. Alipoingia kwa mgonjwa akamkuta kasisi ameketi. "Baba," akamwambia, "hebu tazama ule ukuta, una picha nzuri," kisha akazitoa moja moja. Kanisani huimba sauti ikienda kombo na hajali. Zabibu kavu hazili. Kila keki yangu huzichokoa na kuzipanga ukingoni mwa sahani kama ushahidi wa kesi.

Sasa hivyo vishikwambi. Wagonjwa wetu ambao saratani imekwisha kuwaenea mwilini walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja akapewa chake. Kila asubuhi kinauliza: maumivu kiasi gani, sifuri hadi kumi? Kichefuchefu? Pumzi? Usingizi? Ukibonyeza nne kwenda juu, simu ya Melvina inalia, naye anakuja. Ni jambo jema, sikatai. Kutoka hapa hadi hospitali kubwa ni mwendo wa saa tano, na hapo barabara iwe haijafunikwa na theluji.

Mwezi wa kwanza simu haikulia hata mara moja. Sifuri nyumba zote. Mkatuma barua ya pongezi na keki juu. Sisi tuliila. Melvina hakuigusa, na safari hiyo haikuwa na zabibu. Alivaa buti zake za mpira, akaanza na nyumba yangu.

Marehemu mume wangu, mzee Garfield, saratani ya tezi dume ilikuwa imemwingia mifupani.

"Hujambo, mzee Garf?"

"Salama tu, binti yangu. Wewe je, goti lako?"

Habari ya goti hakuijibu. Alichungulia dirishani. "Kuni zile kapasua nani?"

Nikajibu mimi, maana kunyamaza sikujaliwa. Wiki tatu nzima shoka nililishika mimi.

"Na mto huu hapa kitini ni wa nini? Kitandani umelala lini, mzee?"

Garfield akakohoa, akaelekeza kidole kwenye kishikwambi kilichokuwa juu ya friji. "Hicho hakijaniuliza kitanda."

"Kimekuuliza maumivu!"

"Kimeuliza kama mgeni mlangoni. Mgeni akikuuliza hali, utamshushia mzigo wako kabla hajavua koti? Na aliyebonyeza si mimi, ni bibi huyu."

Kweli, nilibonyeza mimi. Kusoma sijui, lakini sifuri naijua, ni mviringo kama kifuniko cha sufuria. Alikuwa akisema, "Tia salama, mke wangu," nami natia. Kulala kitini aliniambia anapenda joto la jiko, nikaamini, mjinga mimi. Kumbe mifupa haimruhusu kujinyoosha, na mimi mkewe napeleka salamu njema mjini kila saa tatu asubuhi! Nilimchapa kwa kitambaa cha vyombo, kisha nikalia. Melvina alinisubiri nimalize yote mawili, ndipo akampigia daktari.

Siku ileile mofini, dawa yake ya maumivu, iliongezwa. Mzee akalala kitandani, miguu imenyooka, anakoroma kama injini ya boti. Miezi mitano aliyobakiwa nayo aliilala hivyo, na kitandani hapo akafa, shuka safi, mkono wake mkononi mwangu. Hilo simsahaulii Melvina mpaka nami nifukiwe.

Nyumba kumi zilizobaki alizizunguka kwa siku mbili. Katika sita alikuta mambo kama ya kwangu. Kishikwambini zote zilikuwa zimeandika salama tu.

Hapo ndipo mlipomjua Melvina ni nani. Barua, simu, barua tena. Alitaka maswali yabadilishwe: Umelala kitandani au kitini? Mkate wa asubuhi umeumaliza? Kuni kapasua nani? Fundi wenu mmoja akamwambia kuni si dalili ya ugonjwa. "Njoo useme hivyo mbele ya Triffie," akamjibu. Hakuthubutu. Maswali yakabadilishwa, na simu ikaanza kulia. Watu wa hapa kusema wanaumia ni aibu, lakini mambo ya kuni watakueleza mpaka chai ipoe. Nasikia sasa ghuba nyingine nne zinaulizwa hivyohivyo.

Sista Melvina, asante kwa mzee wangu, na kwa wazee wa wenzangu. Nenda ukapumzike, mwanangu. Mungu akupe miaka mirefu yenye joto, na keki yako nitakuokea mwenyewe, bila zabibu.

Na nyinyi wa mjini, jambo la mwisho. Tangu majira ya baridi namwona anapanda ngazi za kliniki kwa mguu mmoja, ule mwingine anauburuta. Nimemwuliza mara nne. "Salama tu, Triffie." Nyumbani anaishi peke yake. Basi mkija, piteni kwake, nyumba ya bluu iliyo chini ya kanisa. Msimwulize hali. Zungukeni kwanza nyuma mkatazame kuni. Mkikuta magogo mazima, shoka liko nyuma ya mlango wa banda. Pasueni, kisha ndiyo mbishe hodi.