Mama Toroli na Taa Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia shuleni kwetu, Mama Toroli anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Mkutubi atarudishiwa toroli lake la vitabu, likiwa na magurudumu yaliyopinda.

Jina hilo lilitokana na somo moja. Mwanafunzi alikalishwa kwenye toroli katikati ya ushoroba, toroli likawa behewa. Wenzake wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, waliigiza mwanga wa taa za ncha mbili za behewa. Mwalimu akipiga kofi, "mianga" inatembea kuelekea katikati huku toroli likisukumwa mbele. Abiria anakutana na wa mbele kwanza. Basi kwake, husema Mama Toroli, taa ya mbele imetangulia kuwaka! Kengele inalia, kila mtu anaondoka akiamini ameelewa.

Hadi alipokuja mkaguzi. Sisi walimu wenzake sote tulijua kwamba kupandishwa kwa Mama Toroli kuwa mkuu wa idara ya sayansi kunangoja kalamu ya mkaguzi huyo. Binti aliyekuwa kwenye toroli akauliza, "Lakini Mwalimu, si nimekutana naye mapema kwa sababu nilikuwa namwendea? Nikiondoa mwendo wangu, si walianza pamoja?"

Mwingine angemzima. Mama Toroli alijikuna kichwa. "Mwanangu, hapo umenibana. Sijui. Nipe hadi kesho."

Mkaguzi akaandika.

Kesho yake mkaguzi hakuwepo, na hilo linaniuma mpaka leo, maana somo lile lilikuwa tamu ajabu. Mama Toroli alieleza kwamba waliotembea walitupotosha. Mtu ukimwendea, utamwona anakujia upesi zaidi. Mwanga sivyo: uuendee, uukimbie, ukiupima una kasi ileile. Kwa hiyo abiria wa katikati ya behewa, akifikiwa na mwanga wa mbele kwanza, hana mwendo wa kuondoa. Kwake taa ya mbele kweli iliwaka kwanza. Aliyesimama nje, katikati ya pale taa zilipowaka, anafikiwa na mwanga wa zote kwa pamoja, naye anasema kweli kwamba ziliwaka pamoja. Hakuna mwongo hapo. Yule binti alipiga makofi hadi darasa zima likamfuata.

Cheo nilipewa mimi. Nilimfuata maabara kumpa pole, nikamkuta anafuta ubao huku akiimba.

"Pole ya nini, mdogo wangu?" akasema. "Jibu si nimelipata?"

Asante sana, dada yetu. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wenye maswali magumu.