Maji ya Mfereji Yalikuwa Salama: Maisha ya Filomena Kondo Banzi (1962–2025)

Baba Paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote, familia imenituma mimi Rogers, mtoto wa mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu mkubwa, nami nitayasoma yote, kwa kuwa mwenyewe alituagiza akiwa na akili zake timamu kwamba tusiruke kitu.

Marehemu Filomena alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962 katika kijiji cha Nyandira, Mgeta, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Kondo Banzi na Bi. Mariamu, akasoma shule ya msingi hapo hapo Mgeta kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, sekondari Morogoro mjini hadi 1980, na mwaka 1985 akahitimu stashahada ya kilimo. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa bibi shamba, akapangiwa Mgeta kwa watu waliomlea, na kwa miaka ishirini akapanda na kushuka vile vijia vyetu kwa miguu, hata ikawa mtu akiona kabichi zake zimeanza kuoza hashiki dawa mpaka Dada Filo apite.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Mwalimu Ernest Mbena, wakajenga Mafiga, hapa Morogoro mjini, wakajaliwa watoto wawili, Allen aliyezaliwa mwaka 1989 na Zawadi aliyezaliwa mwaka 1993. Mwalimu Ernest alitutangulia mwaka 2015.

Mwaka 2007 marehemu alijiunga na taasisi moja ya utafiti mjini, na hapo ndipo lilipotokea jambo alilotutaka tulisome. Taasisi ilitaka kujua onyo la hatari linavyosambaa kijijini, nani anamwambia nani na nani anaaminiwa, ikaamua kuwaambia wakulima wa Mgeta kwamba maji ya mfereji wao yamepimwa na kukutwa na sumu ya dawa za kupulizia mazao, wakati hayakuwa na kitu, kisha baada ya siku kumi na nne waambiwe ukweli. Marehemu aliuliza mara moja tu kama ni haki, akajibiwa kwamba watu wakijua hawatatenda kama wanavyotenda siku zote, akakubali, na akachaguliwa yeye kutoa habari kwa sababu ndiye wakulima waliyemwamini.

Tarehe 6 Novemba 2012, mbele ya kaya themanini na nne, Bi. Mwajuma, mke wa Hatibu, alisimama akamuuliza, “Dada Filo, ni kweli haya maji tunayowapa watoto yana sumu?” naye akamjibu akimtazama machoni, “Vipimo ndivyo vinavyosema.”

Shamba la Hatibu lilikuwa juu kabisa, mfereji unapoanzia, naye alikuwa wa kwanza pale kununua bomba la kupulizia dawa, kwa hiyo haikupita wiki watu wakawa wameshampata wa kumlaumu, wapakiaji wakakataa kutia kabichi zake kwenye lori, miche yake ikang'olewa, na Mwajuma akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Mvua zilikata barabara, wakubwa wa utafiti wakawa na safari zao, marehemu akaambiwa asipande Mgeta peke yake, akatii, na ukweli ulifika Mgeta tarehe 3 Januari 2013, siku ya hamsini na nane, Hatibu akiwa amekwisha kuhamia Gairo kwa wajomba zake pamoja na mkewe.

Ripoti ilisifiwa sana, marehemu akaomba jina lake liondolewe humo, akarudi Mgeta kuwaomba watu msamaha nyumba kwa nyumba, na mwezi Juni akamfuata Hatibu Gairo, akamkuta anapukuchua mahindi, akamweleza kila kitu amepiga magoti. Hatibu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Bibi Shamba, uongo niliusikia kwa mdomo wako, na ukweli unaniletea kwa mdomo huo huo, sasa mimi nitajuaje?” Marehemu alirudi Mafiga na swali hilo.

Tangu mwaka 2014 hadi alipostaafu mwaka 2022 alikuwa mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti, na vijana waliopeleka maombi yao pale wanalikumbuka swali lake, kwamba nani atarudi kuwaambia watu ukweli, na siku gani, na ikiwa mtu ameshaumia kabla ya siku hiyo, mtafanya nini.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa hapa mjini na Dar es Salaam, na tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mafiga, wafanyakazi wenzake, na watu wa Mgeta mlioteremka kuja kumzika. Tunamshukuru pia Mzee Hatibu, tuliyempigia simu juzi kumwomba ruhusa ya kulisoma jina lake hapa, akatupa pole, akasema, “Lisomeni, ila msije mkasema nilimsamehe.”

Nasi hatusemi. Mama, ulitaka tuseme kweli, tumeisema, sasa pumzika, Mungu akupe amani.