Mkwe Aandikwe

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio alikuwa ameyatega kwenye kiti cha mbele. Mama aliyekaa hapo alikuwa amefungwa mkanda wa kupimia presha mkononi, ambao kila baada ya muda ulijaa upepo na kuvuma kama nyuki.

"Ni utafiti wa hospitali, mwanangu," alimwambia muuza viatu aliyekaa naye. "Wanatafuta kinachopandisha presha. Wameniuliza chumvi, sigara, usingizi. Mkwe wangu hawakumgusia hata kidogo!"

"Mkwe si ugonjwa, mama."

"Wewe humjui. Anakoroma mchana kweupe! Jana kaingia tu sebuleni, mkanda ukajaa wenyewe."

"Huo hujaa kila nusu saa. Aingie mwizi, aingie malaika, utajaa tu."

"Basi mbona na yeye huingia muda huohuo?"

Fundi alilitafuta jibu la hilo, akaona afadhali abaki na mambo ya vifungo.

"Kesho namwambia daktari amwandike kwenye utafiti," mama alisema. "Akishaandikwa, ahame nyumbani kwangu. Binti yangu atabaki. Dawa ni dawa."

Basi likasimama. Chini alisubiri mwanamume mwenye mwavuli, mpole kama maji ya mtungini. "Shikamoo, mama. Nipe mkoba."

"Umemwona?" mama alinong'ona, na mkanda wake ukaanza kuvuma.

Mkwe akanyoosha mkono kupokea mkoba. Mkono wa shati ukapanda, ukaonekana mkanda wa pili, wa utafiti uleule. Nao ulikuwa unavuma.