Numbi Geneviève, Aliyeitafutia Nuru Njia

Ndugu wapendwa, mimi Kiki, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwaeleze tunayemsindikiza leo alikuwa nani.

Numbi Geneviève alizaliwa Sakania tarehe 12 Machi 1946, binti wa fundi wa reli, akasoma kwa masista hapa Lubumbashi, akafuata fizikia hadi Ubelgiji, akapata udaktari mwaka 1975, na ingawa walimwomba abaki huko, alirudi kufundisha. Tarehe 9 Julai 1977 alifunga ndoa na Paluku Jérémie, mfanyabiashara wa malori kutoka Butembo, Mungu akawajalia Espérance na Bénédicte.

Kazi yake ilikuwa nuru. Alipaka kioo utando mwembamba wa silikoni, akautia katika tanuru hadi ukakatika kuwa chembe ndogo kuliko vumbi, kwani chembe ikiwa ndogo mno huitawanya nuru pande zote, lakini ikipata kipimo chake huisukuma mbele, naye alitaka paneli za jua za zahanati zinywe nuru yote, ili akina mama wasijifungue gizani.

Oktoba 1991, mji ulipoporwa, wenye bunduki waliingia maabara yake, Mwaba, fundi wake, akaling'ang'ania tanuru, Geneviève akapiga kelele, "Mwaba, achia! Machine si muntu!", naye akaachia, wakampiga risasi hata hivyo, wakaondoka na tanuru. Msibani, Jeanne, mjane wa Mwaba, alimwambia Geneviève mbele za watu, "Ni ile mwangaza yako iliua bwana yangu, usifike tena kwangu."

Jérémie alimsihi wahamie Butembo, akakataa, akafundisha bila mshahara, akichora ubaoni yale asiyoweza tena kuyaonyesha.

Septemba 1992 figo zilianza kushindwa, dawa zilizoagizwa Zambia zikakwama njiani, na Januari, dada akiwa hoi hospitalini, Jeanne aliingia na uji, akaketi kitandani.

"Jeanne, nilimuambia aachie."

"Najua, mama. Kunywa kwanza, inapoa."

Alifariki tarehe 4 Februari 1993.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia kwa mikono mitupu, majirani wa mtaa wetu wa Golf waliotuchotea maji, walimu wenzake, na Mama Jeanne, aliyemwosha, akamfunga kichwani kitambaa chake mwenyewe, na leo ameketi na sisi wafiwa.

Dada, kazi yako imebaki nusu, wala hatujui wa kuimaliza. Lala, upumzike kwa amani.